Irish Wolfhound: umbo, ukubwa na tabia ya mbwa niliyeishi naye miaka mitano (uzi mrefu)

#1 Msambaa wa Kildare (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita limezunguka tangazo kwenye magrupu ya wafugaji wa mbwa. Picha ya mbwa wa kijivu amesimama kwa miguu ya nyuma, ile ya mbele ameiweka mabegani mwa mwanamume mrefu, na chini yake muuzaji ameandika kwamba huyu ndiye mbwa wa ulinzi mkubwa kuliko wote duniani. Mbwa wa kwenye picha ni Irish Wolfhound. Kwamba ni mkubwa sana ni kweli. Habari ya ulinzi si kweli, na mtu akitoa mamilioni yake kwa neno hilo atakuja kumtesa mnyama asiye na kosa. Ndiyo maana nimekaa chini kuandika.

Mimi ni mwenyeji wa Lushoto. Kwa miaka mitano nimefanya kazi ya kumhudumia mzee mmoja nyumbani kwake, kaunti ya Kildare nchini Ireland, anakoishi na mkewe. Nyumba ile ilikuwa na dume wa aina hii, jina lake Bran. Kumlisha, kumtoa asubuhi, kumchana manyoya, kumpeleka kwa daktari, vyote viliniangukia mimi kwa kuwa magoti ya Mzee yamekwisha. Bran amekufa Machi mwaka huu, zikiwa zimebaki wiki tatu atimize miaka saba.

Siku ya kwanza nafika, Bibi alifungua mlango, na kabla sijamsalimia kikatokea kichwa kirefu chenye ndevu, usawa wa kifua changu. Mimi ni mtu wa futi tano na nusu. Kwetu tulifuga mbwa na sikuwa mwoga, lakini siku ile miguu iligoma. Yeye akaninusa mkono, akaniegemea pajani kwa uzito wake wote, akatulia hivyo hivyo. Bibi akaniambia ndivyo anavyosalimia. Kwa miaka mitano hakubadilisha salamu.

Sasa tuje kwenye umbo. Ukitaja mbwa mkubwa wengi wetu tunaona Boerboel au Rottweiler, mbwa wa shingo nene na taya pana. Huyu hayuko hivyo kabisa. Mchukue Greyhound, yule mbwa mwembamba wa mashindano ya mbio, mrefushe mpaka mgongo wake ukaribie kiuno cha mtu mzima, mwongezee mifupa na misuli, kisha mvike manyoya magumu kama makumbi ya nazi. Kifua kimeshuka hadi usawa wa viwiko, tumbo limepanda juu, na sehemu ya kiuno imepinda kidogo kama upinde. Shingo ni ndefu, yenye misuli, haina ngozi inayoning'inia. Kichwa ni kirefu na chembamba. Masikio ni madogo na ameyakunja nyuma; ukiona ameyainua nusu, jua kuna kitu amekiona mbali. Macho ni meusi, na juu yake kuna nyusi ndefu za manyoya ya waya, na chini ya taya kuna ndevu. Ni nyusi na ndevu hizo zinazompa sura ya mzee anayekusikiliza.

Rangi zake ni nyingi: kijivu, hudhurungi nyekundu, nyeusi, nyeupe tupu, rangi ya mchanga, na ile ya milia milia ambayo ukiwa mbali unaiona kama moshi. Bran alikuwa kijivu, na alipofikisha miaka mitano pua nzima ikawa nyeupe.

Kipimo cha urefu wa mbwa huchukuliwa begani, pale shingo inapokutana na mgongo, si kichwani. Kwa kanuni za FCI, shirikisho la kimataifa la mbwa, dume wa Irish Wolfhound asipungue sentimita 79 na kilo 54.5, na jike asipungue sentimita 71 na kilo 40.5. Hicho ni kima cha chini. Wanachokitafuta wafugaji ni dume wa sentimita 81 hadi 86. Bran alikuwa na 86 na kilo 68. Akisimama kando ya meza ya chakula, kidevu kinakaa mezani bila kunyoosha shingo. Great Dane anaweza kumfikia na hata kumpita (Zeus wa Michigan, aliyeingia kwenye rekodi kwa sentimita 111.8, alikuwa Great Dane), lakini Great Dane si mbwa wa kuwinda kwa macho, yaani anayeliona windo na kulifukuza badala ya kulifuata kwa harufu. Katika ukoo huo wa macho, wenye Greyhound, Saluki, Borzoi wa Urusi, Deerhound wa Scotland, Sloughi wa Afrika Kaskazini na Azawakh wa Mali na Niger, hakuna mwenye kimo cha huyu.

Jikoni kwao kuna mwimo wa mlango ambao Mzee aliuchora kwa penseli Bran alipokuwa anakua, kama watu wanavyowapima watoto. Alama ya wiki nane iko chini ya goti langu, pameandikwa kilo 11. Miezi minne, kilo 28. Miezi sita, sentimita 74 na kilo 45. Mwaka mmoja, sentimita 84. Mwaka na nusu, 86, na hapo penseli ikasimama. Hebu ifikirieni ile ya kutoka kilo 11 hadi 45 ndani ya miezi minne. Mwili wa mtoto umebeba uzito wa mbwa mkubwa huku mifupa bado ni laini. Ndiyo sababu kitoto cha mbwa huyu hakikimbizwi barabarani, hakipandishwi ngazi ovyo, wala hakipewi madini ya mifupa ya ziada kwa kudhani yatamsaidia. Atembee na kucheza mwenyewe, akichoka alale. Wengi wanaomharibu miguu wanamharibu katika mwaka huu wa kwanza, na wanafanya hivyo kwa mapenzi.

Tabia nitaieleza kadiri maswali yatakavyokuja. Karibuni.

#2 Mdau wa Mlandizi

Mkuu, uzi umeshiba. Naomba kuuliza: kwa jina hilo ina maana ni mbwa wa kuwinda mbwa mwitu? Ulaya kuna mbwa mwitu kama wa Selous? Marehemu babu yangu aliwaona akiwa kambini Rufiji, alisema wana mabaka na masikio ya duara.

#3 Msambaa wa Kildare

Mdau wa Mlandizi, hapa Kiswahili chetu kinatuchanganya, tukiweke sawa. Wale wa babu, wenye mabaka na masikio ya duara, ni mbwa mwitu wa Afrika, kilo 20 hadi 30, na hawana undugu wa karibu na mbwa wa nyumbani. Anayetajwa hapa ni yule wa kijivu wa Ulaya, ndugu wa damu wa mbwa wote tunaowafuga, na dume lake huweza kupita kilo 40. Kwetu hayupo, kwa hiyo vitabu vilipomleta vikampa jina la mwenyeji.

Ireland walikuwa wengi sana. Mifugo iliteketea, na mbwa hawa ndio waliotumwa kuwakabili. Walijulikana hadi mbali: mwishoni mwa karne ya 4 mkubwa mmoja wa Roma, Symmachus, alimwandikia ndugu yake barua ya kumshukuru kwa mbwa saba waliotoka huko, akieleza jinsi Roma nzima ilivyowashangaa. Baadaye wakawa zawadi ya kupelekewa wafalme na wakubwa wa Ulaya, mpaka wakaanza kupungua kwao. Mwaka 1652, enzi za jemadari wa Uingereza Oliver Cromwell, ikatoka amri mjini Kilkenny ya kukataza kuwasafirisha nje ya Ireland, kwa sababu mbwa mwitu walikuwa wanaongezeka na wa kuwawinda wanakwisha.

Mbwa mwitu wa mwisho wa Ireland inaelezwa aliuawa mwaka 1786 kwenye mlima Leinster, kaunti ya Carlow, ambayo inapakana na Kildare nilikoishi. Kazi ilipokwisha, mwenye kazi naye akaanza kutoweka. Kufika katikati ya karne ya 19 walikuwa wamebaki wachache wasiojulikana vizuri. Ndipo mwanajeshi mmoja Mskoti, Kapteni George Augustus Graham, akiishi Dursley huko Uingereza, alipoanza mwaka 1862 kuwakusanya waliobaki na kuwapandisha na Deerhound, Great Dane na Borzoi ili arudishe kimo na umbo. Mwaka 1885 wakaunda klabu na kuandika jinsi mbwa huyu anavyopaswa kuwa. Wote tunaowaona leo wanatokana na kazi ile.

#4 Fundi wa Temeke

Kwa hiyo ni mbwa wa kutengenezwa, si wa asili. Tunauziwa historia ya Waroma wakati mbwa mwenyewe ana miaka 150.

#5 Msambaa wa Kildare

Fundi, hoja yako wanayo hata baadhi ya wasomi wa mbwa, siidharau. Lakini Graham hakuanza na mikono mitupu. Alikuwa na mbegu ya wale wa zamani waliobaki, na Deerhound mwenyewe ni ndugu yao wa upande wa pili wa bahari. Hata leo ukimweka Deerhound pembeni ya Irish Wolfhound utaona sura moja, tofauti ni kimo na wingi wa mifupa. Kwangu mimi swali la asili linaisha hivi: Graham angeweza kufuga dude zito la kutisha, watu wangempigia makofi. Akashikilia mbwa mrefu anayeweza kukimbia. Nilipomwona Bran akinyooka kwenye uwanda wa Curragh, mgongo unajikunja na kufunguka, miguu minne yote iko hewani, niliona kile Waroma walichokishangaa. Greyhound anamshinda mbio, hilo halina ubishi. Ila Greyhound hana kilo 68.

#6 Laizer wa Ngaramtoni

Mkuu Msambaa, shikamoo kama umenizidi. Mimi ndiye mteja wa lile tangazo, nilishaanza mazungumzo na muuzaji. Nimeibiwa mara mbili mwaka huu, ng'ombe na betri za sola. Nataka mbwa ambaye mtu akimwona tu anaghairi. Nimejisomea pia hadithi zao za kale: yule shujaa wao Cú Chulainn alipata jina kwa kumuua mbwa mlinzi wa mhunzi Culann, mbwa aliyekuwa analinda boma zima peke yake. Sasa unasemaje halindi?

#7 Msambaa wa Kildare

Marahaba, Laizer, ingawa sidhani kama nimekuzidi. Pole sana kwa wizi.

Hadithi umeisoma vizuri. Kijana Sétanta alimuua mbwa wa Culann, akajitolea kulinda yeye mwenyewe mahali pa mbwa mpaka apatikane mwingine, na hapo akaitwa Cú Chulainn, Mbwa wa Culann. Katika Kiayalandi *cú* ni mbwa wa kuwinda na ni neno la heshima, shujaa anaitwa hivyo bila kutukanwa, jambo ambalo kwetu ni gumu hata kulitamka. Jina Bran nalo ni la mmoja wa mbwa wawili wa Fionn mac Cumhaill, shujaa mwingine wa hadithi zao. Mwenzake aliitwa Sceolang.

Lakini unamnunua mbwa wa leo, humnunui wa hadithi. Katika maelezo rasmi ya aina hii kuna usemi wa wenyewe kwamba nyumbani ni kondoo na mawindoni ni simba. Nimeishi na huyo kondoo. Kwa miaka mitano Bran amebweka mara chache mno. Fundi bomba alikuja sisi tuko bustani ya nyuma, akaingia mwenyewe, tukamkuta jikoni anakunywa maji na Bran amemlalia miguu. Mgeni kwake ni mtu wa kuegemewa. Ukimpigia kelele anajikunja pembeni na siku nzima hajisikii kula. Nililiona mara moja, nilipomfokea kwa kuiba kuku wa kuchoma mezani, na sikurudia.

Kuna watu wanasema mfundishe ukali. Naomba usifanye hivyo, na hili nakuomba kama ndugu. Mbwa wa kilo 68 aliyefundishwa kuogopa na kushuku watu huwezi kumshika. Mimi sikuwa namshika Bran kwa nguvu, nilikuwa namshika kwa sababu yeye alikubali kushikwa.

Kinachobaki ni kimo. Mwizi asiyemjua atasita, kweli. Akimjua, ataingia.

#8 Mkulima wa Molo

Asante kwa hii uzi. Mimi nafuga kondoo huku Molo, baridi yetu inakaribia ya huko kwenu. Huyu mbwa anaweza kukaa na kondoo? Huku fisi ni shida, mbwa wa mitaani pia.

#9 Msambaa wa Kildare

Mkulima, baridi ya Molo itamfaa kuliko joto la Tanga, kwa sababu kinachomshinda ni jua na hewa nzito. Kwa habari ya kondoo, hapana. Kuna mbwa wanaozaliwa kwa kazi ya kukaa na kundi, kama Anatolia wa Uturuki, na wanakua kati ya kondoo tangu wadogo. Huyu ni mwindaji wa macho. Kikitokea kitu kinachokimbia, akili yote inahamia machoni, masikio yanazibika. Bran nilimwita mara ishirini siku moja sungura alipotoka kichakani, nikawa naiita hewa. Alirudi mwenyewe baada ya nusu saa, ulimi nje, miguu imechubuka, amefurahi.

Kondoo akikimbia ni kitu kinachokimbia. Kule Ireland sheria ya mwaka 1986 ya kudhibiti mbwa inampa mfugaji utetezi akimpiga risasi mbwa anayeshambulia kondoo wake, na Kildare ni nchi ya kondoo na farasi. Ndiyo maana Bran nje ya uzio alikuwa kwenye mkanda siku zote. Uzio wenyewe ulikuwa juu ya kifua changu. Eneo la kukimbia lililozungushwa ni lazima kwa mbwa huyu, na hilo ndilo swali la kwanza ningemuuliza mnunuzi kabla ya hela.

#10 Daktari wa Mifugo, Moro

Nimesoma uzi mwanzo mwisho, hongera mleta mada. Naongeza ya upande wangu, kwa sababu mnyama akija kliniki mimi ndiye nitakayeulizwa.

La kwanza ni dawa ya usingizi. Mbwa wa kuwinda kwa macho wana mafuta kidogo sana mwilini, na kuna dawa za nusukaputi za zamani, hasa thaiopentoni, ambazo kwao hukaa mwilini muda mrefu na mbwa anachelewa kuamka, wengine hawaamki. Mwenye mbwa wa ukoo huu amwambie daktari kabla ya upasuaji wowote, hata wa kuhasi. Asidhani daktari atajua kwa kumwangalia. Kipimo nacho kisipigwe kwa kilo tu kama kwa mbwa mdogo.

La pili ni tumbo. Mbwa wa kifua kirefu na chembamba tumbo lake linaweza kujaa gesi na kujisokota. Dalili ni kutapika pasipo kutoka kitu, mate mengi, tumbo gumu kama ngoma, kuhangaika. Hapo mna saa chache. Usimpe mafuta ya kula, usimkande, mpeleke. Kumlisha milo miwili au mitatu badala ya mmoja mkubwa, na kutomkimbiza akitoka kula, kunapunguza hatari.

La tatu ni moyo. Aina hii inasumbuliwa na moyo kutanuka na mapigo kwenda bila mpangilio, mara nyingi bila dalili mwanzoni, kwa hiyo kupimwa moyo kila mwaka si anasa. Vitoto vyao vingine huzaliwa na mshipa wa damu unaolikwepa ini, na wafugaji makini wa Ulaya hupima damu ya vitoto kabla ya kuviuza. Muulize muuzaji cheti cha kipimo hicho. Akikuuliza ni kipimo gani, umeshapata jibu.

Na kupe wetu, wakuu. Mbwa aliyetoka Ulaya hajawahi kukutana na homa za kupe za huku. Huyu wa manyoya marefu utamtafuta kupe kwa vidole kila jioni.

#11 Bint Unguja, Muscat

Assalaam alaykum wote. Nimevutiwa na hii habari ya ukoo wa macho kwa sababu huku Ghuba tunao Saluki, na ukimtazama ni kama mdogo wa huyo: kifua kile kile, kiuno kile kile, ila mwembamba zaidi na nywele laini za hariri masikioni na mkiani. Kimo chake ni sentimita 58 hadi 71 hivi, uzito hata nusu ya Irish Wolfhound haufiki.

Nyumbani Unguja mbwa haingii ndani, nyote mwajua. Nilipokuja huku nikashangaa kuona Mabedui wanamlaza Saluki hemani. Mzee mmoja akanieleza kwamba kwao huyu hahesabiwi kama mbwa wengine, wanamwita *al-hurr*, mtukufu, aliye huru. Ndilo neno letu hili hili la "huru". Na ruhusa ya mawindo ipo ndani ya Qur'ani, Sura ya Al-Maida aya ya 4, kwamba mnyama wa kuwinda mliyemfundisha, akikukamatieni, kuleni mkitaja jina la Mwenyezi Mungu. Swali langu kwa mleta uzi: Saluki ana haya na wageni, hakuzoei upesi. Na huyo wenu?

#12 Msambaa wa Kildare

Wa alaykum salaam, dada. Nimejifunza, la "huru" sikulijua kabisa.

Hapo ndipo wanapotofautiana. Nimewahi kukaa na Saluki wa jirani siku mbili, alinitazama kama karani wa forodha muda wote. Irish Wolfhound anakuzoea ndani ya dakika moja. Ila shida yake ni ya namna nyingine: hawezi upweke. Siku Mzee alipolazwa wiki mbili, Bran alilala mlangoni, chakula anakiacha nusu. Hawa si mbwa wa kufungiwa bandani usiku na mchana ukawatembelea. Wanataka kulala chumba kilicho na watu, na wakilala wanachukua nafasi ya kitanda cha futi nne.

#13 Mama Wawili

Habari zenu. Mimi nina watoto wa miaka mitatu na sita. Wakali si wakali, nimeelewa. Kuna hatari nyingine?

#14 Msambaa wa Kildare

Mama Wawili, hatari ni uzito na mkia. Wajukuu wa Mzee walikuwa wanamlalia kama mto, hakuwahi kunguruma. Lakini mdogo wa miaka mitatu aliangushwa mara tatu kwa mwaka mmoja, mara zote kwa Bran kugeuka tu, na mkia unamfika mtoto usoni. Asiachwe na mtoto mdogo bila mtu mzima. Mtoto naye afundishwe kutomrukia akiwa amelala, kwa sababu mifupa ya mbwa huyu inamuuma mapema kuliko anavyoonyesha.

Ukitaka kuona utulivu wao, mtazame yule wa kikosi cha Irish Guards cha Uingereza. Tangu mwaka 1902 kikosi hicho kina mbwa wa aina hii, wa kwanza aliitwa Brian Boru. Kila tarehe 17 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Patrick, anatembea mbele ya bendi, ngoma na tarumbeta zinalia nyuma yake, watu wamejaa, naye amejinyamazia.

#15 Fundi wa Temeke

Mkuu, nilianza kwa kubisha, sasa nauliza kwa heshima. Miaka saba ni michache sana. Koko wetu wa gereji amefikisha kumi na tatu kwa dona na dagaa. Bran alikufaje?

#16 Msambaa wa Kildare

Fundi, asante kwa kuuliza.

Miaka saba kwao ndiyo kawaida. Wengi huishi kati ya 6 na 8. Anayefika 10 watu wanamwendea kumpiga picha. Daktari ameshataja moyo na tumbo. Cha tatu ni saratani ya mifupa, na hicho ndicho kilichomchukua Bran.

Mwezi wa kumi na moja alianza kuchechemea mguu wa mbele wa kulia. Nikadhani amejikwaa. Nikampunguzia matembezi, akapata nafuu kidogo, nikajipongeza. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, zile wiki tatu nilizojipongeza. Picha ya eksirei ilipotoka, mfupa juu ya kifundo ulikuwa umeliwa kama gunzi la mahindi lililobunguliwa. Daktari alitueleza njia ya kukata mguu na dawa za saratani. Mbwa wengine wanaishi vizuri na miguu mitatu, lakini huyu alikuwa na kilo 68, nyonga zimeshachoka, na moyo nao ulikuwa unadunda vibaya. Mzee na Bibi wakachagua dawa za maumivu na muda uliobaki.

Muda huo ulikuwa miezi mitatu na nusu. Nilihamishia godoro lake jikoni karibu na jiko. Viwiko vilikuwa vimeota sugu na uvimbe wa maji, kama inavyowatokea wakilala pagumu, nikawa namkunjia blanketi chini. Asubuhi alikuwa anaamka kwa hatua: kwanza kichwa, halafu anafikiri, halafu miguu ya mbele, anapumzika, halafu ya nyuma. Siku aliyoshindwa hatua ya tatu Bibi akampigia simu daktari aje nyumbani. Mzee alikaa sakafuni, yeye na magoti yake yale, kichwa cha Bran kikiwa pajani. Bran aliniegemea mguu kwa mgongo.

Wanaouza mbwa huyu kwa kimo wanapaswa kukuambia kwamba kimo hicho hicho ndicho kinachomaliza moyo na mifupa yake. Lile tangazo halikusema hivyo.

#17 Laizer wa Ngaramtoni

Nimesoma hadi hapa nimekaa kimya muda. Nimemuuliza muuzaji kipimo cha ini alichotaja Daktari, na cha moyo cha wazazi. Kwanza akasema vyote vipo, baadaye akasema mbwa wake hawaugui, sasa hajibu. Nimeghairi. Nitachukua mbwa wawili wa hapa hapa Arusha, taa za sola na mlinzi. Ila nakiri picha ya yule mbwa haijanitoka kichwani. Mzee na Bibi wanaendeleaje?

#18 Msambaa wa Kildare

Laizer, umefanya vyema, na ukija kupata uwanja uliozungushwa na muda wa kukaa naye ndani, tutafute kwa mfugaji mwenye karatasi.

Wazee hawajambo. Niko likizo Lushoto, narudi mwezi ujao. Juzi Bibi alinitumia picha: wamechukua jike, wiki tisa, rangi ya ngano, miguu mikubwa kama ya kuazima. Wamemwita Sceolang. Nilidhani watapaka rangi ule mwimo wa mlango. Mzee amechora alama mpya upande wa pili, penseli ile ile, kilo 10 na nusu.